Jina la Kumi kwenye Orodha

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, wanachama wa klabu ya sayansi walibaki darasani. Wengine walikuwa wakiosha mchanga na mkaa wa chujio la maji walilolitengeneza wenyewe. Katibu, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hata nyumbani walikuwa wameanza kumwita kwa cheo hicho, alikaa dawati la mbele na daftari la safari.

Chujio lao lilikuwa limechaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya shule katika mji ulio ng'ambo ya milima. Kwa basi ni siku mbili, kwa ndege ni saa moja na nusu. Mwalimu wa sayansi hakutaka kuwapangia kila kitu.

"Safari ni yenu," aliwaambia. "Ulizeni bei, pigeni hesabu, kisha mniletee."

Basi Katibu akafuatana na mwalimu hadi kwa wakala wa tiketi, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitabu. Mama huyo aliigeuza kompyuta ili mgeni wake mdogo aione vizuri.

"Sikiliza, mwanangu. Mkiwa watu kumi, mnapata nauli ya kikundi. Akipungua hata mmoja, kila mtu analipa nauli ya kawaida, na ya Alhamisi, siku mnayotaka kuondoka, ni karibu mara mbili. Nileteeni majina Ijumaa hii kabla ya saa sita mchana. Nikishakata tiketi, sibadilishi jina."

Wanafunzi tisa na mwalimu wao walitimia kumi. Katibu alichora jedwali: jina, fomu ya mzazi, nauli. Kufikia Jumatatu, ni rafiki yake tu aliyekuwa hajaleta fomu. Watu walimwita Redio, kwa kuwa akishafungua mdomo asubuhi hazimi mpaka jioni.

"Fomu yako iko wapi?" Katibu alimuuliza.

"Mama ana magauni sita ya kushona, hata kula anakula amesimama. Wewe weka alama tu. Umewahi kumsikia mama yangu akikataa jambo la shule?"

Katibu akaweka alama ya vema. Mwalimu alipouliza kama fomu zote zimerudi, alijibu, "Zote, Mwalimu."

Jumatano Redio alikuja shuleni kimya. Wakati wa mapumziko alimvuta Katibu nyuma ya maabara.

"Sikio langu lina usaha ndani. Daktari amesema nisipande ndege kwa wiki nne, eti linaweza kupasuka huko juu. Mama amekataa kusaini." Kisha akanong'ona, "Lakini fomu naisaini mwenyewe. Akiona tiketi imeshakatwa atalegea. Wewe nyamaza tu."

Safari ilikuwa baada ya wiki mbili.

Jioni alimkuta baba yake, fundi baiskeli, akinyoosha ukingo wa gurudumu.

"Baba, nauli ikipanda itakuwaje?"

"Ikipanda, waliokwenda watakuja kutusimulia," alisema baba bila kuinua macho. "Nimejikamua mpaka tone la mwisho, mama."

Hapo Katibu akaelewa. Akisema ukweli, huenda yeye mwenyewe akabaki. Akinyamaza, rafiki yake angepanda ndege na sikio bovu. Usiku ule aligeukageuka kitandani mpaka dada yake akamtishia kumhamishia sakafuni.

Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Mwalimu, niliweka alama ya uongo. Fomu ya Redio sikuiona." Akaeleza yote.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Leo mchana tunakwenda kwa wakala. Utamweleza mwenyewe."

Wakala alimsikiliza mpaka mwisho. "Afadhali umesema leo. Sijakata kitu bado." Akabonyeza vitufe. "Alhamisi mkiwa tisa, bei hamuiwezi. Ila Jumanne ya wiki hiyo hiyo, alfajiri, ndege huenda nusu tupu. Nauli yake ya kawaida inazidi kidogo tu ile ya kikundi. Mna pa kulala siku mbili zaidi?"

Mwalimu aliipigia simu shule mwenyeji. Vitanda vilikuwepo bwenini, wachangie chakula tu. Katibu akafungua daftari, akafuta fungu la fulana mpya za klabu walizopanga kununua. Pengo likazibika.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuwapigia wazazi simu, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo mwanangu aamke saa tisa usiku kwa ajili yako?" aliuliza mama mmoja.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Haya. Angalau hukujificha."

Ijumaa saa nne walipeleka majina tisa. Wakishuka ngazi, mwalimu alisema, "Najua ulimtaka rafiki yako awemo. Lakini orodha si mahali pa kuandika tunalolitumaini. Wakala, rubani na wazazi wanaamini kila alama uliyoiweka. Usiloliona, acha nafasi yake wazi, hata kama inakuuma."

"Nimeelewa, Mwalimu."

Redio alinuna siku tatu nzima. Siku ya nne alitokea mlangoni kwa kina Katibu na karatasi mkononi.

"Maelezo ya chujio nilikuwa niyaseme mimi," alisema. "Sasa utayasema wewe, na wewe unaongea kama mtu anayeomba radhi. Simama wima. Anza upya, na kwa sauti, maana sikio moja halisikii."