Sakafu Aliyoijenga Fabien

Kila asubuhi kabla ya shule, Adolphine alichota maji ziwani, kisha akamwongoza bibi yake, Koko Anastasie, hadi bafuni. Koko hakuona vizuri. Bafu lenyewe lilikuwa ua wa matete na mawe yenye utelezi, kando ya shimo la choo cha zamani. Mwaka wa 1956 baba yake Adolphine, Albert, karani wa pamba hapo mjini Baraka, Kongo, aliamua kujenga bafu kubwa la matofali lenye sakafu ya saruji.

Fundi Fabien alifika kutoka Kazimia amevaa viatu vinavyong'aa. Mwashi wa viatu safi, jamani! Alijigamba kwamba angemaliza kwa siku nne, na kwamba bafu alilomjengea mama Georgette, ng'ambo ya soko, lilikuwa la kutamanika.

Baba alimwita Adolphine kando.

"Mutoto wangu, mi niko na kazi ya kupima pamba. We nenda kwa mama Georgette. Mwaga ndoo moja ya maji mu bafu yake. Kama maji inatoka yote, Fabien ni fundi. Kama inabakia, kuya uniambie."

"Ndiyo, baba."

Njiani Adolphine alimkuta rafiki yake Pulchérie akiruka kamba. Wakaruka, wakaruka, mpaka jua likashuka. Kwa mama Georgette hakufika. Nyumbani alisema bila kupepesa macho, "Maji ilitoka yote, baba. Ni bafu ya muzuri sana."

Fabien akapewa kazi. Aliagizwa ajaze mawe katika lile shimo la zamani kwanza, ndipo apige sakafu juu yake. Siku ya nne bafu lilikuwa tayari, jeupe, linapendeza.

Siku ya saba, Adolphine akimsubiri Koko mlangoni, alisikia kishindo, kisha ukelele. Akafungua. Sakafu haikuwepo! Koko alikuwa shimoni hadi kifuani, ameshikilia ukingo wa saruji, na saruji ilikuwa ikimeguka mikononi mwake.

"Adolphine! Niko naenda chini!"

Adolphine alijitupa kifudifudi, akamkamata Koko mikono, akapiga mayowe mpaka majirani wakaja. Walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika, wakambeba kwa machela hadi dispansari.

Watu walichungulia shimoni wasiamini. Hapakuwa na jiwe hata moja. Fabien alikuwa amelaza miti myembamba, akaifunika kwa saruji, akaenda zake.

Mama Georgette alikuja mbio. "Albert! Ya kwangu ilitumbukia tangu mwezi jana! Mbona haukuniuliza?"

Baba alimgeukia Adolphine.

"Baba, sikufika kule. Nilidanganya."

Baba hakumpiga. Alimtazama tu, na hilo lilimtisha Adolphine kuliko fimbo.

Jumamosi baba na Adolphine walipanda milimani hadi Fizi. Waliingia katika mabafu matatu yaliyojengwa na fundi mwingine, mzee Casimir, wakawahoji wenye nyumba. Casimir akapewa kazi ya kulijenga upya bafu lao; alitumia wiki tatu, na wiki nzima ilikuwa ya kushindilia mawe shimoni.

Koko alirudi akitembea kwa mkongojo. Siku alipooga katika bafu jipya mara ya kwanza, Adolphine alisimama nje ametega sikio. Baba alimwekea mkono begani.

"Fabien alitudanganya, ni kweli," alisema. "Lakini mulango ni we ulimufungulia. Nilituma macho yako, ukaniletea mudomo. Muntu akikutuma kuangalia, ujue maisha ya mwingine iko mu jibu yako."