Udongo wa Gehandu

Wapanda farasi kumi na wawili, vinyago vya madini ya risasi, waliachwa mezani jioni wakitazama ukuta. Asubuhi Herman aliwakuta wote wamegeukia dirisha.

"Violeth! Nani kakwambia uchezee farasi wangu?"

Binti yake, mwenye miaka saba, aliapa kwamba hajawagusa. Herman hakuamini. Nani mwingine angewageuza?

Herman alikuwa fundi simu pale Dongobesh, na mkono uliozoea skrubu ndogo kama punje ya ulezi haukosi kujitafutia kazi. Padri mmoja mzee, akirudi kwao Ulaya, alimwachia boksi la askari hao wakiwa vipande vitupu, farasi huku, mpandaji kule. Herman akakwangua kwa tupa vinundu vya risasi vilivyoachwa na kalibu, akamgandisha kila mpandaji kwenye farasi wake, akawapaka rangi, na macho akayachora kwa ncha ya sindano. Mwisho akawasimamisha juu ya vibao, akapaka gundi na kunyunyizia udongo, waonekane wako mbugani. Masikini, hapo ndipo alipoharibu, naye akajiona bingwa.

Udongo wenyewe aliutoa Gehandu, alikokwenda kufunga sola. Ulikuwa mwekundu, laini kama unga, kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya boma lililohamwa. Alichota mfuko mmoja tu.

Siku ya tatu nyumba ikaanza kunuka samli na tumbaku, wakati humo ndani havuti mtu. Siku ya tano Violeth akaacha kula, akawa anashinda kwenye kigoda mlangoni, uso kauelekeza mlima Hanang, akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina ya Kidatoga, lugha ambayo hakuna aliyemfundisha, na kila jina lilipomtoka, kule mezani kwato ndogo iligonga kibao mara moja, halafu kimya, halafu jina jingine, halafu kwato nyingine, mpaka Herman akaona nywele zinamsimama mchana kweupe.

"Baba Violeth, mtoto anaisha," Letisia, mkewe, alinong'ona. "Katekista ameomba mpaka amechoka. Hili ni jini. Umeleta nini humu ndani?"

"Vinyago tu, mama."

Lakini macho yake hayakumtoka Violeth. Alikuwa na mtoto huyo mmoja.

Siku hiyohiyo mzee Gidahosh wa Gehandu alifika kuchukua simu yake. Alipoinama kuwatazama farasi, fimbo ilimponyoka.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Kwenye kichuguu, mzee. Nyuma ya lile boma lililohamwa."

"Kile si kichuguu." Gidahosh alisema polepole, kama anayeogopa kusikiwa. "Ni kaburi. Ukoo mzima tulilijenga kwa miezi, tukipandisha udongo kwa mikono. Umemchota baba yangu, ukamweka chini ya kwato."

Herman alipiga magoti palepale. "Nisamehe, mzee. Sikujua. Mtoto wangu anakufa. Nifanye nini?"

"Urudishe wote. Isibaki hata chembe."

Herman alikwangua vibao vyote kumi na viwili kwa kisu, akaosha brashi, akafagia chini ya meza, na maji ya kuoshea akayatia kwenye dumu. Wakapanda pikipiki mpaka Gehandu. Gidahosh akamwaga pombe ya asali juu ya kaburi, akasema maneno yake, akatega sikio.

"Amekubali?" Herman aliuliza.

"Udongo umerudi," mzee alijibu. "Yeye mwenyewe sijamsikia."

Waliporudi Dongobesh, harufu ilikuwa imekwisha. Violeth alikuwa amekaa kwenye kigoda na bakuli la uji, anakula. Herman alilia waziwazi bila kumwonea haya mgeni, na Letisia akacheka huku akijifuta machozi kwa khanga.

"Violeth, msalimie babu."

Mtoto aliweka bakuli chini. Akajifuta midomo kwa kiganja, taratibu, akamtazama Gidahosh kuanzia miguuni mpaka mvi za kichwani. Hakusema shikamoo. Alinyoosha mkono tu, akangoja.

Gidahosh alivua kofia, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Violeth akajibu.