Bonifasia Ajiandaa Kuchezesha Mpira

Kila asubuhi Bonifasia huanika usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kwenye vichanja, karibu na ufukwe wa Liuli. Mume wake, Stephano, ni fundi seremala. Wana binti mmoja, Edina.

Mwaka huu Bonifasia alihitimu mafunzo ya uamuzi wa mpira wa miguu. Ligi ya vijiji ingeanza baada ya miezi michache, naye angechezesha kwa mara ya kwanza. Sheria alizijua vizuri. Pumzi ndiyo hakuwa nayo.

Aligundua hilo kwenye mechi ya kirafiki. Kipindi cha pili miguu ilimwishia nguvu. Mchezaji alipoanguka golini, yeye alikuwa bado katikati ya uwanja. Akapuliza filimbi, akatoa penalti. Wachezaji wakamzunguka.

"Refa, umeonaje kutoka kule?" nahodha aliuliza.

Bonifasia alijua kwamba hakuona vizuri.

Kesho yake akaanza kukimbia kwa hasira. Alikimbia kila siku bila kula kitu, mpaka akashindwa kuongea kwa kuhema. Haikuchukua muda, miundi, yaani mbele ya miguu chini ya magoti, ikawa inamuuma hata akitembea.

"Mama Edina, acha kwanza," Stephano alisema. "Utaumia."

"Nikiacha, watasema mwanamke hawezi."

"Basi twende kwa dada Violet tumuulize."

Violet ni jirani yao. Kazi yake hospitalini ni kuwafanyisha mazoezi watu walioumia viungo. Aliibonyeza miundi ya Bonifasia taratibu.

"Nani alikufundisha kukimbia hivi?"

"Hakuna. Nilitaka kuwahi ligi."

"Mdogo wangu, miguu hii imechoshwa. Ipumzishe mpaka maumivu yaishe. Yasipoisha, njoo hospitalini tukupime. Halafu anza upya, polepole. Kimbia kidogo, tembea, kimbia tena. Ukiweza kuongea huku unakimbia, mwendo huo unakufaa. Kila wiki ongeza kidogo tu. Na uwe na siku za kupumzika, maana misuli hujijenga wakati huo."

"Lakini refa hakimbii mwendo mmoja," Stephano alisema.

"Kweli. Mwili ukishazoea, achanganye na mbio fupi za kasi. Akimbie pia kinyumenyume na kiubavu, ili macho yabaki kwenye mpira. Kwanza apashe mwili moto. Na ale, na maji anywe."

Siku zote Bonifasia alidhani kupumzika ni uvivu.

Alipoanza tena, aliona aibu kutembea mbele ya watu.

"Leo umechoka mapema," wenzake wa vichanjani walimwambia.

"Sijachoka. Ndivyo ninavyojifunza."

Maumivu yaliisha. Pumzi nayo ikaja, kidogo kidogo.

Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa katika kijiji cha Lipingo. Zilibaki dakika chache, timu zikiwa sare, mshambuliaji wa wenyeji alipousukumia mpira wavuni kwa mkono. Uwanja mzima ulishangilia. Bonifasia alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Akapuliza filimbi, akalikataa goli.

Wenyeji walimkimbilia. Yeye hakurudi nyuma. Akamtazama mshambuliaji machoni.

"Muacheni," kijana huyo aliwaambia wenzake. "Ameona."

Mechi iliisha sare. Bonifasia alipokuwa akinywa maji pembeni, wanawake wawili wa Lipingo walimfuata.

"Dada, na sisi tunataka kuchezesha. Tunaanzaje?"

"Kaeni hapa," Bonifasia alisema, akiwasogezea nafasi. "Mtaanza kwa kutembea."