Kikwembe cha Miavuli

Wanaume wengine huingia moyoni kwa mlango. Casimir aliingia kwa kukanyaga ndakala.

Soko la mji wa Baraka lilikuwa limefurika mpaka mchangani kando ya ziwa, vita, vya pili katika miaka michache, vimetulia kidogo kama mlevi aliyesinzia. Ketsia, kajifunga kikwembe cha njano, alikuwa anageuza ndakala, samaki wake wadogo kama dagaa, juani kwa mkono mmoja na kufukuza kuku kwa mwingine. Mara viatu vyeusi, vinang'aa kama macho ya mbuzi, vikapita katikati ya ndakala. Mwenye viatu alikuwa anasoma karatasi huku anatembea.

"We papa ya makaratasi! Macho umeacha ku bureau, miguu unaleta huku ya nini?"

"Pardon, mama. Sikukuona."

"Mama ni ule alikuzala. Mi niko Ketsia. Lamba kiatu, samaki yangu isipotee."

Akacheka. Bahati mbaya alikuwa na meno mazuri.

Casimir alikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha Bukavu, anafundisha namna ya kuwasaidia watu walioumizwa na maisha. Alikuja kuandika jinsi wanawake wa Baraka wanavyofarijiana. Alitaka uprofesa, na kwa wasomi kuandika tu hakutoshi. Lazima wasomi wengine wakutaje katika maandishi yao. Ni kama kuku: kutaga si kitu mpaka majirani wasikie makelele.

"Na sasa weye nani anakutaja?" Ketsia akauliza.

"Bado hata muntu moja."

"Masikini. Hata mbuzi yangu inatajwaka kwa chef wa kijiji, juu ya kula muhogo ya bantu bengine."

Akawa anakuja kila alasiri. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, na shati lake lililopigwa pasi, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tusimdhulumu: kusikiliza alijua. Alisikiliza kwa shingo, kwa mikono, kwa mwili mzima. Mwanamke akisikilizwa hivyo, hata jiwe alilolimeza hulitapika.

Ketsia akalitapika. Mdogo wake Darius, mwalimu wa shule ya msingi huko juu Fizi, aliamini mama yao, Dorothée, alizikwa kijijini Mboko akiwa amevikwa kikwembe cha kijani chenye miavuli myekundu. Darius ndiye aliyemnunulia, kwa mshahara wake wa kwanza. Lakini mama hakuzikwa. Walipokimbia risasi, miguu yake ilikataa katikati ya shamba la muhogo hapo Mboko. Akavua kikwembe, akasema: "Kamata, uuzishe, ule. Kwenda." Ketsia akaenda. Akakiuza sokoni Kazimia, akala.

"Usiambie muntu," Ketsia alisema, kamasi na machozi pamoja.

"Jina yako haitatoka mu kinywa yangu, mon cœur."

Na kweli, jina halikutoka.

Casimir akarudi Bukavu, mapenzi yakahamia kwenye phonie, redio ya kuongelea ya misheni. Papa Norbert ndiye alikuwa anaishika, na foleni nzima ya wanaongoja zamu ilikuwa inasikia. Ukimaliza kusema, unasema "à vous", ndipo mwenzako ajibu; ukikata mazungumzo kabisa, unasema "terminé".

"Chérie, unakula muzuri? À vous."

"Nakula. We unanikumbuka miye ao unakumbuka sombe? À vous."

"Sombe!" foleni ikajibu kwa niaba yake.

Siku moja sauti ya Casimir ilikaribia kupasua chombo. "Chérie, maandishi yangu imetoka! Bananitaja Kinshasa, bananitaja Ubeleji! À vous!" Ketsia akapiga vigelegele. Foleni nayo ikapiga makofi, haijui ya nini.

Miezi ikapita. Huko Fizi walimu wakaitiwa semina juu ya watoto waliofiwa. Mgeni aliyewafundisha akasoma maneno ya msomi wa Bukavu anayetajwa kila mahali: mwanamke mmoja wa kando ya ziwa, tumwite Tania, alimwacha mama yake ndani ya shamba la muhogo, akauza kikwembe chake cha kijani chenye miavuli myekundu.

Darius alikuwa amekaa kwenye benchi ya mbele.

Akashuka mlima. Akasimama mlangoni kwa dada yake, kofia kichwani.

"Yaya, dada yangu, ile kikwembe ulizika mama nayo, ilikuwa rangi gani?"

Mwiko ukamponyoka Ketsia. "Nani alikuambia?"

"Bantu bote beko banasoma mama yetu."

"Darius, yeye mwenyewe alisema niende…"

"Miye wa tumbo moja ulinificha. Ule wako wa Bukavu, wa viatu, ukamuambia."

Akageuka, akaondoka. Hakunywa hata maji.

Siku ya phonie Ketsia alikwenda na macho yamevimba. Huko Bukavu Casimir alikuwa na furaha tele.

"Chérie! Nimekuwa profeseri! Nataka kuja na bazee nikuowe. Unakubali? À vous!"

Foleni ikapiga vigelegele. Ketsia akangoja vinyamaze.

"Casimir, ile ya mama, uliandika ya nini? À vous."

"Lakini jina yako nilificha! Ni sheria ya kazi yetu. Hakuna anakujua. À vous."

"Jina ulificha, kikwembe ukaacha. Huku sisi tunajuana kwa kikwembe kwanza, sura nyuma. Darius amesikia. À vous."

Chombo kikakoroma. Halafu, taratibu: "Pardon, chérie. Ile fasi ya kikwembe ndiyo bantu banapenda kutaja kupita zote… À vous."

Hakuna aliyecheka.

"Bakutaje basi," Ketsia akasema. "Miye sitakutaja tena. Terminé."

"Mama, unapashwa kusema à vous," Papa Norbert akamnong'oneza.

"Nimesema terminé."

Akatoka. Mwisho wa foleni alisimama Darius, ameshuka tena mlima, kofia mkononi.

"Nimesikia," akasema.

"Bote bamesikia."

Darius akaipindapinda kofia yake. "Yaya, twende Mboko. Unioneshe ile shamba, tumuzike mama."

Walipita nyumbani kwanza. Ketsia akatoa sandukuni kikwembe kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, akakibana kwapani.

"Iko rangi gani?" Darius akauliza.

"Ya kijani. Miavuli sikupata."