Mikono ya Tonton Onesphore

Kila Jumapili kabla ya ibada, kazi ya Lyse ilikuwa kung'arisha viatu. Alitandika gazeti mlangoni mwa chumba chao cha ghorofa ya tatu, huko Point, mtaa wa Durban karibu na bahari, akapiga brashi huku mama yake, Spès, akinyoosha nguo kwa pasi na kumhimiza kwamba taxi hazimsubiri mtu. Siku zote viatu vilikuwa jozi mbili. Jumapili hii vilikuwa jozi tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa kubwa hivi kwamba Lyse angeweza kuivaa juu ya viatu vyake mwenyewe.

Ilikuwa ya Tonton Onesphore, yaani mjomba, mdogo wake Mama, aliyefika juzi kutoka Marekani. Ndugu hao walitenganishwa wakiwa watoto katika kambi ya wakimbizi. Spès alishika njia ya kusini hadi Durban, na Onesphore akachukuliwa na shangazi yao hadi Marekani. Huko akakua, akawa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili kama wa raga. Kazi yake ilikuwa kukimbia kuwapita wote, kugeuka, na kuudaka mpira uliorushwa kutoka mbali.

Lyse alikuwa na picha yake akiwa hewani, mikono imenyooka. Shule nzima iliijua picha ile. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Lyse hakumwambia mtu. Tonton aliacha kucheza miaka minne iliyopita, na sasa alikuwa dereva wa basi la shule. Mama alikuwa amemweleza bila kuficha, na Lyse aliona aibu. Baba yake Kendi, rafiki yake Mkenya wa mtaa wa Glenwood, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Lyse naye alitaka mtu wa kujivunia.

Sasa, katika kanisa lao kulikuwa na desturi ambayo Warundi kama wao waliishikilia sana. Mgeni hajitambulishi mwenyewe. Hutambulishwa na mtoto wa nyumba iliyompokea, naye akishatambulishwa huinuka, huinama kidogo, kisha hukaa. Hata mtoto akikosea, mgeni hamsahihishi mbele za watu, maana ni kuiaibisha nyumba iliyompa kitanda na chakula.

Pasta Deusdedit alipomwita, Lyse alisimama. Alimwona Kendi na kaka yake, Billy, wamekaa benchi la pili wakimtazama. Ulimi hauna mfupa.

"Bwana asifiwe. Huyu ni tonton wangu, Onesphore. Anacheza mpira Marekani, ni professionnel. Mpira ukirushwa kwake hauanguki."

Watu wakapiga makofi. Mama aliinua kichwa ghafla. Tonton alimtazama Lyse kwa muda, kisha akainuka, akainama, akakaa.

"Kumbe!" alisema Athanase, kiongozi wa vijana. "Basi Jumamosi saa nne, uwanjani karibu na ufukwe, Tonton atatufundisha. Iko mtu ana mpira wa raga?"

Billy akanyoosha mkono.

Waliposhuka kwenye taxi, Tonton akatangulia. Mama akamshika Lyse mkono pale kwenye robot, wakisubiri taa ya kijani.

"Ulijua, Lyse."

"Nilijua, Mama."

"Basi utamwambia Tonton wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Lyse aliitikia, lakini Jumatatu ikapita, Jumanne nayo ikapita. Kila asubuhi Tonton alimtengenezea chai na kumuuliza habari za shule, na kila asubuhi Lyse alimsimulia ya shule tu. Alimwomba Mungu alete mvua Jumamosi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Lyse ilikuwa na urefu wa siku sita tu.

Mvua haikunyesha. Watoto zaidi ya ishirini walijaa uwanjani, wengine hata hawakuwa wa kanisani. Billy aliurusha mpira kwa nguvu zake zote. Tonton alikimbia, na mbio zake zilikuwa nzuri kuzitazama, nyepesi kwa mtu mkubwa vile. Akageuka, akanyoosha mikono, mpira ukamgonga kiganja cha kulia na kuanguka kwenye nyasi.

"Tena," alisema Athanase.

Ukaanguka tena. Mara ya tatu aliugusa kwa mikono yote miwili, ukamponyoka hivyo hivyo. Mtoto mmoja akacheka, wa pili akafuata, na mara kicheko kikaenea uwanja mzima.

"Lyse, si ulisema hauanguki?" Kendi aliuliza. "Ama huyu si yeye?"

Hapo ndipo Lyse alipofanya jambo baya kuliko uongo wenyewe. Alicheka. Alicheka kwa sauti ili aonekane yuko upande wa wanaocheka, wala si upande wa anayechekwa. Tonton aligeuza shingo akamwona.

"Eish, leo mikono imekataa," alisema Tonton, akauokota mpira na kumrudishia Billy.

Mchana huo Lyse alimkuta jikoni akimenya viazi. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika kiazi kwa shida, vidole viwili vimenyooka kama vijiti, havikunjiki. Wiki nzima mkono ule ulimmiminia chai, naye hakuwahi kuutazama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Tonton, nilidanganya kanisani. Nilijua hauchezi tena. Nilijua wewe ni dereva."

"Nilijua kama unajua. Mama yako aliniambia kabla sijapanda ndege."

"Basi kwa nini haukusema? Walikucheka."

"Mgeni hamvui nguo mwenyeji wake." Akaweka kiazi kwenye maji. "Mpira kuanguka nimezoea, Lyse. Kicheko chako ndicho kiliniuma."

Lyse akalia. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Tonton alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwonyesha vile vidole viwili.

"Viliumia kwenye mechi. Niliona haya kumwambia daktari wa timu. Nilifikiri watasema nimekwisha, wanikalishe benchi. Nikavifunga plasta ndani ya glovu, nikacheza miezi mitatu na maumivu yangu. Nilipokwenda, daktari akaniambia, 'Ungekuja wiki ile ile, tungeviponya.' Kilichoniondoa mpirani ni ile haya yangu, si vidole."

"Na kuendesha basi, hauoni haya?"

"Mwanzo niliona. Sasa nina watoto arobaini na wawili. Jioni nikimaliza safari, natembea mpaka kiti cha mwisho, nachungulia chini ya kila kiti, kwa sababu wadogo wanalala. Sijaacha hata mmoja."

Lyse akajifuta pua. "Nifanye nini, Tonton?"

"Ule uongo uliusemea wapi?"

"Kanisani," alisema Lyse.

Jumapili iliyofuata aling'arisha ile jozi kubwa kwanza. Kanisani, wakati wa ushuhuda ulipofika, alinyoosha mkono. Akasimama, akishika benchi la mbele yake.

"Bwana asifiwe. Jumapili iliyopita nilimtambulisha mgeni wetu kwa uongo. Jana alipochekwa, na mimi nilimcheka. Naomba nimtambulishe tena." Alisikia minong'ono nyuma yake, akaendelea. "Huyu ni tonton wangu, Onesphore. Alikuwa mchezaji, akaumia mkono. Sasa ni dereva wa basi la shule. Anabeba watoto arobaini na wawili, jioni anachungulia chini ya kila kiti kwa sababu wadogo wanalala, na hajamwacha hata mmoja."

Tonton akainuka, akainama kama ilivyo desturi. Lakini safari hii hakuinama kwa watu. Aligeuka, akamwinamia Lyse, kisha akakaa.

Nje, Kendi alikuja akiburuta miguu. "Hata mimi nilimcheka," alisema. Akamgeukia Tonton. "Pole, Uncle. Ni kweli watoto hulala chini ya viti?"

"Sana sana siku ya Ijumaa," alisema Tonton.

Lyse alisimama kando, macho chini, maana aibu ilikuwa bado haijamwishia. Mama akamwinua kidevu.

"Usiogope kuona haya, mwanangu. Ikikuzuia kusema uongo, hiyo haya ni nzuri, ishike. Lakini ikikuzuia kusema kweli, hiyo ni ugonjwa, na mficha maradhi kilio humfichua. Usingoje miezi mitatu kama Tonton wako."

"Mimi nimengoja siku sita, Mama."

"Na siku sita zilitosha kumwumiza mtu. Mara nyingine, useme siku ile ile."