Vifungo vya Gundi

"Unafanya nini?"

Wembe ulimponyoka dada fundi. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta tangu alipoteleza ngazini akauvunja, shati limelala mapajani, na vifungo vimetapakaa sakafuni. Mlangoni alisimama Gundi, fundi viatu wa kibanda cha jirani, mchumba wake wa miezi sita.

"Vifungo hivyo nilivishona mimi jana."

"Umevishona vizuri, ila... vimekaza kama vya buti. Na wauguzi wanafuata sare zao saa kumi."

"Na pindo la juzi? Nalo lilikaza?"

Aibu ilimpanda dada wa watu hadi masikioni.

"Kumbe kila ninachoshona, unafumua! Kasoro ni vifungo, au ni mimi?"

"Sikukuomba msaada, Gundi! Mjomba alimsaidia mama gunia moja la unga, akamsimanga miaka ishirini. Kila kikao cha ukoo, unga! Leo msaada, kesho masimango. Mimi sitaki."

"Nilipougua mwaka jana, nani aliniletea uji siku tisa?"

"Mimi."

"Umewahi kunisimanga?"

"Nikusimange kwa lipi? Nilifurahi mwenyewe. Nilikuwa nakoroga uji huku naimba."

"Basi raha hiyo ndiyo unayoninyima. Unataka utoe wewe tu, mimi niwe mgonjwa wako maisha yote. Ndoa ya hivyo siiwezi."

Akaiweka mezani sindano aliyokuja nayo, akaondoka bila kupaza sauti. Mpole akikasirika, mwogope.

Dada fundi alijaribu kushona kwa mkono wa kushoto. Akajichoma kidole, kifungo kikakaa upande. Yalibaki mashati kumi na moja, na ilikuwa saa nane na nusu. Lakini kilichomliza si mashati. Alikumbuka Gundi alivyokuwa akifungua mdomo kulishwa uji, mwanamume mzima, bila haya. Kumbe kupokea nako kunataka moyo!

Akaandika kwa kidole gumba cha kushoto: "Njoo. Nisaidie."

Jibu likaja papo hapo: "Nani ameiba simu ya mchumba wangu?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Njoo bwana! Nakuomba."

Kutoka kibandani ni hatua sita. Gundi alizimaliza kwa tatu.

"Haya, nielekeze. Wewe macho, mimi mkono."

"Legeza uzi. Sasa zungusha chini ya kifungo mara tatu. Hivyohivyo, baba."

Saa kumi sare zilichukuliwa, na muuguzi mkuu akavisifu vifungo. Gundi alitabasamu hadi jino la mwisho.

Miezi mitatu baadaye, shangazi mtu aliinama kumnyooshea bibi harusi gauni, akaguta:

"Mwanangu! Pindo limekwenda kombo! Nani kalishona hili? Nipe wembe nilifumue."

"Shangazi, liache! Kanishonea mume wangu."

"Kwani mkono wako haujapona?"

"Umepona siku nyingi. Nilimwomba tu."