Mlango wa Kwanza wa Simu ya Judy

Betri ilikuwa juu ya meza, simu ilikuwa mkononi mwa Ewesit, na bado kioo kiliwaka.

Ewesit aliitazama betri, akaitazama simu. Mafundi wa simu ni watu wa kudharau miujiza. Ukiwaletea simu inayolia yenyewe watakwambia ni vumbi limeingia kwenye kitufe, na mara nyingi watakuwa wamesema kweli. Kwa hiyo alijiambia kuna umeme kidogo uliobaki ndani. Lakini kioo hakikuzimika. Kilikaa vile vile na nukta zake tisa, kikimngoja achore, na ndani ya kibanda chake cha mabati, katikati ya ukame uliokuwa umewatoa wachungaji wa Kinna makwao, kukaanza kunuka mvua.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Mji wa Isiolo ulikuwa umenyamaza kwa swala. Fardosa, aliyeuza vitambaa kibanda cha pili, alikuwa amefunga na kwenda msikitini. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa kama naye aliisikia ile harufu.

Simu yenyewe haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Judy, mkewe, aliyeugua Jumatatu moja akazikwa Ijumaa yake, miaka miwili iliyopita. Judy alikuwa na mazoea ya kujirekodi akiongea na mtoto wao. Rekodi hizo zilikuwa humo, na hapakuwa na mahali pengine popote duniani ambapo sauti yake ilikuwa imebaki. Na Ewesit, ambaye watu walitoka hata Burat kumletea simu zilizowashinda mafundi wengine, hakuweza kuifungua.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Siku aliyomnunulia mkewe simu hiyo, aliiroot, yaani alivunja kufuli za kiwanda, kwa kujigamba tu. Simu iliyorutiwa hukufanya mwenye nyumba badala ya mpangaji. Unaingia chumba chochote utakacho. Lakini programu ya benki ikakataa kufanya kazi kwenye simu iliyochezewa, Judy akalalamika, naye Ewesit akairudisha ilivyotoka kiwandani na kuufunga tena ule mlango wa kwanza ambao simu hupitia ikiamka, mlango ambao mafundi huuita bootloader. Aliufunga vizuri, kwani hakuwa fundi wa kubahatisha. Judy akaweka pateni yake ya kuunganisha nukta, na Ewesit hakumuuliza ni ipi. Aliona mume anayeuliza pateni ya mkewe ni mume mwenye wasiwasi.

Sasa mlango ungeweza kulazimishwa, ndiyo, ila kiwanda kilikuwa na sheria yake: ukiulazimisha, simu hufuta kila kilichomo kabla ya kukukaribisha. Wateja aliwaambia hivyo kila siku, bila huruma nyingi. "Umehifadhi vitu vyako? Kama hujahifadhi, sahau."

Angeiacha simu hiyo kabatini maisha yake yote, kama si Akidor. Binti huyo wa miaka sita alikuwa na picha mbili za mama yake na hadithi moja, ile ya Judy kumkimbiza mbuzi aliyekula cheti cha ubatizo, akimfuata hadi sokoni na kiatu kimoja mguuni. Ewesit aliisimulia kila jioni. Wiki ile, katikati ya hadithi, mtoto akamkatiza.

"Baba, sauti ya mama ilikuwa nene ama nyembamba?"

Ewesit alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji. Mtoto alikuwa anampoteza mama yake mara ya pili, na safari hii hapakuwa na homa ya kulaumu.

Ndiyo sababu Ijumaa hii alikuwa ameitoa kabatini. "Umehifadhi vitu vyako?" simu ikauliza pale kibandani.

Nywele zilimsimama. Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe Ewesit, yenye kukwaruza kidogo, na maneno yalikuwa yake.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Mimi hukaa ndani ya vitu vilivyofungwa. Zamani ilikuwa visima na masanduku. Siku hizi ni hivi."

"Toka kwa simu ya bibi yangu."

"Nikitoka utaifungua na nini? Unajua sheria. Mlango ukilazimishwa, lazima kitu kifutike. Hata sisi inatufunga. Lakini sheria haikusema kifutike wapi. Pateni yake ni nukta nne. Nitakupa moja kila Ijumaa. Gusa ya kwanza."

Nukta ya pembeni ilikuwa imeanza kung'aa. Ewesit, aliyezoea kuwasomea wateja masharti yote kabla ya kushika bisibisi, hakuuliza hata swali moja. Aligusa. Kioo kikazimika, na harufu ya mvua ikaondoka kana kwamba mtu amefunga dirisha.

Jioni ile, nyumbani kwao Chechelesi, Akidor alijilaza mapajani mwake. "Baba, niambie ile ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

Mtoto alicheka akidhani ni mchezo. Alipoona baba hacheki, akamsimulia yeye, kiatu, cheti, soko na yote. Ewesit alisikiliza kama mtu anayesikia habari za jirani aliyehama kabla yeye hajaingia mtaani. Alitafuta mahali hadithi ile ilipokuwa imekaa, jinsi ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa, akakuta pengo.

Kesho yake alimweleza Fardosa yote kwa sauti ya chini, migongo yao imeelekea barabara.

"Wallahi Ewesit, hiyo si virusi. Hiyo ni jini."

"Mimi ni mtu ya kanisa, Fardosa."

"Kwani inauliza dini? Haye, beba simu, twende."

Alimpeleka kwa Ustadh Shuriye, mzee mwembamba aliyewasomea watu dua nyumbani kwake. Ustadh aliifunga simu kwa kitambaa cheupe, akaanza kusoma. Aya ya tatu haikuisha. Kitu kiliguna ndani ya kitambaa kwa sauti ya Ewesit, naye Ewesit mwenyewe alikuwa ameketi hapo, mdomo umefungwa. Fardosa akarudi nyuma hadi ukutani.

"Naweza kumtoa," Ustadh alisema akijifuta jasho. "Lakini amejikunja ndani kabisa. Akitoka, hii simu haitawaka tena."

"Na nikimuacha?"

"Atakula mpaka amalize. Na chakula yake si simu. Ni wewe."

Ewesit aliichukua simu yake. "Samahani, Ustadh. Mama Akidor yuko humu."

"Hayuko humo, mwanangu," mzee alisema kwa huzuni, lakini hakumzuia.

Msifikiri Ewesit alikuwa mjinga. Alikuwa fundi, na fundi akijua kitu kitafutika, hukihifadhi kwingine kwanza. Alinunua daftari kubwa, akaandika usiku na mchana kila alichokumbuka kuhusu Judy: alivyomkuta akigombana na muuza nyanya, alivyochukia chai ya baridi, kovu la gotini, wimbo alioimba akifua, alivyomshika mkono siku ile ya mwisho hospitalini. Kurasa arobaini na moja. Ijumaa ya pili simu ilipomuuliza kama amehifadhi vitu vyake, aliliinua daftari mbele ya kioo.

"Nimehifadhi."

Simu ilicheka kicheko chake Ewesit mwenyewe. Ikampa nukta ya pili.

Usiku alilifungua daftari. Mwandiko ulikuwa wake. Yaliyoandikwa yalieleweka vizuri. Alisoma habari za mwanamke na muuza nyanya, akaona ni mwanamke mwenye maneno makali, na hakuhisi chochote. Hapo ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amehifadhi maneno, na maneno siyo yaliyokuwa yakiliwa.

Angeweza kuacha. Fardosa alimsihi, alimshika hata shati. "Acha, ndugu yangu. Utabaki na nini?"

"Nikiacha sasa, mimi nimempoteza nusu na mtoto amempoteza wote," Ewesit alisema. "Afadhali mmoja wetu ampate."

Ijumaa ya tatu ilichukua uso wa Judy. Alizitazama zile picha mbili ukutani, akaona mwanamke wa Kiturkana aliyevaa vizuri.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki, nacho kilikuwa sauti. Bado aliisikia alfajiri, katikati ya usingizi na kuamka, ikimwita jina lake, na kwa sauti hiyo peke yake alijua kwamba alikuwa amependa. Ijumaa ya nne alifunga mlango wa kibanda, akaketi, na harufu ya mvua ikaja mapema, nzito, ikipanda kutoka sakafuni hadi magotini hadi kifuani, mabati yakaanza kulia juu ya kichwa chake kana kwamba matone yanapiga ingawa kupitia ufa wa mlango aliliona jua kali barabarani, na nukta ya nne ikang'aa, na sauti yake mwenyewe ikamwambia polepole, kwa upole ambao yeye hakuwahi kuwaonyesha wateja, kwamba hii ndiyo ya mwisho na ikishakwenda haiwezi kurudishwa, naye akalia kwa nguvu, akaomba kwa jina la Yesu, akamwita Judy, akamsikiliza akimwitikia ndani ya kichwa chake mara moja zaidi, na huku bado anamsikia, akagusa.

Simu ikafunguka. Mvua ikanyamaza.

Alifika nyumbani saa kumi. Akidor alikuwa ametoka shule, bado na sare yake, na Fardosa alikuwa amekuja kuona kama jirani yake yu mzima. Ewesit aliiweka simu mkekani, akatafuta rekodi, akabonyeza.

"Akidor, sema habari," sauti ya mwanamke ilisema, nyembamba, yenye kicheko kilichozuiwa. "Sema! Haya, amekataa. Basi baba yako akirudi mwambie nimelala, lakini aniamshe. Hata akichelewa namna gani, aniamshe tu."

Mtoto alipiga yowe la furaha. Aliirudia, akairudia tena, akaulaza uso wake juu ya simu. Fardosa alikuwa amesimama mlangoni, ncha ya shela mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Baba," Akidor alisema, "mbona wewe hulii?"

Ewesit alijua, kwa kuwa daftari lilisema hivyo, kwamba huyo baba aliyengojwa alikuwa yeye. Alimhurumia sana mtu huyo. Kisha akanyoosha mkono akapunguza sauti kidogo, kwa adabu, maana yalionekana kuwa mambo ya watu na nyumba yao.